Ubeti wa Pili wa Mwalimu Kasmir Kapele

Baba Paroko, ndugu na jirani mliokesha nasi hapa Kaengesa kwenye baridi hii ya Juni, mtuvumilie, maana familia imechoka, na anayewasomea historia hii, Scola, mdogo wa marehemu, ana neno la kuungama kabla hajafika mwisho.

Mwalimu Kasmir Adolfu Kapele alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, hapa hapa Kaengesa, akaanza shule mwaka 1960, lakini kusoma hasa alijifunzia ukutani, kwa kuwa Desemba 1961, nchi ilipopata uhuru, baba yetu alirudi kutoka Sumbawanga na gazeti lililochapa wimbo mpya wa kuisifu nchi, na mama, kama akina mama wote wa wakati ule, akalibandika juu ya kitanda kwa uji wa ulezi ili vumbi lisiwaangukie watoto.

Alihitimu ualimu mwaka 1974, akafundisha Laela hadi alipostaafu Machi 2011, na miaka yote hiyo alitafuta magazeti makuukuu, zile kurasa zilizochapa nyimbo za uhuru kwa mara ya kwanza, akafikisha arobaini, tukamcheka, tukamwita Mzee Makaratasi, naye akitujibu kwamba wimbo hubadilika midomoni, karatasi haisahau.

Tarehe 6 Oktoba 1979 alifunga ndoa na Silvana, wakajaliwa watoto wanne, na Silvana ndiye aliyezilinda kurasa zile na panya, akinung'unika kila siku na asiache hata siku moja.

Ile ya ukutani aliiacha mwisho. Mwaka 2019 aliibandua kwa kitambaa cha maji ya moto, ubeti wa kwanza ukatoka mzima, wa pili ukang'ang'ania, kwani uji wa mama haukuwa wa mzaha, akaogopa kuuchana, akatuomba tusiuguse mpaka apatikane fundi wa kazi hiyo, maana maneno aliyajua kwa moyo, lakini nakala nyingine ya gazeti lile hakuwahi kuiona popote.

Kiharusi kilimpata Februari mwaka huu wa 2025, akalazwa Sumbawanga mara tatu, akafariki Alhamisi tarehe 12 Juni, saa nne asubuhi. Jana, tukiiandaa nyumba ya mama ipokee mwili, Scola alikanda udongo akakandika chumba kile chote, mikono ikifanya ilivyozoea msibani, ili kaka asilale pachafu, na alipoukumbuka ubeti, ukuta ulikuwa umeshafunikwa wote. Alimwendea Silvana akilia. Silvana aliutazama ukuta, akasema, "Wifi, uache. Hata yeye kesho tunamfunika kwa udongo."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, jirani waliotuletea kuni na maji, na walimu wenzake waliotoka Laela. Kurasa arobaini na nusu zimo kwenye sanduku la bati kwa Silvana, na haziuzwi.

Ubeti wa pili sasa uko midomoni tu. Scola atauanzisha tukielekea kaburini, anayeujua amwitikie, na akikosea amsahihishe. Pumzika kwa amani, kaka.