Mama Katungu na Safu Aliyoichora Mwenyewe

Mama Katungu anaacha kazi Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2024, baada ya miaka thelathini na mitano katika maternité, wodi ya wazazi, ya kituo chetu cha afya, hapa Vulamba mjini Butembo. Au thelathini na minne. Karatasi ya bureau inasema aliingia mwaka 1990, yeye mwenyewe anasema 1989, na mkubwa wetu, Bwana Phinées, alipoombwa aamue alisema tuandike yote mawili. Mnisamehe basi. Mimi ni Julie wa mapokezi, na programu hii ya sherehe ya kumuaga nimepewa niiandike kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, si kwa sababu akili yangu imetulia.

Alizaliwa Mangina, akasomea ukunga Beni, akaletwa Butembo na ndoa. Amepokea watoto wengi, hata baadhi yao wamekuja kuzaa mikononi mwake. Wakati wa Ebola, alipofunikwa na nguo za kujikinga akabaki macho tu, wamama walikataa kuingia chumbani na mtu wasiyemjua. Akawa anaimba wimbo wa kanisa mlangoni, na ile sauti yake mbaya ikatambuliwa mara moja.

Lakini alikuwa na jambo moja lililowaudhi wakaguzi wote. Kitabu cha wamama wenye mimba kinakuja na safu zilizochapwa: jina, umri, mimba ya ngapi, mtoto amelala vipi. Mama Katungu alichukua rula na kalamu nyekundu, akaongeza safu yake pembeni: Mama amesema nini. Humo aliandika maneno ya kila mwanamke kama yalivyotoka mdomoni. "Bwana anasema tubakie hapa, miye nasema banipeleke hospitali." "Hapana kuita mama mukwe kwanza." "Amesema ana njaa." Wakaguzi walimwambia safu hiyo haijumlishwi. Alikubali kwamba ni kweli, akaichora tena mwezi uliofuata.

Sasa nifike kwangu, maana siwezi kumsifu nikijificha. Mwaka 2020 nilikuwa na mimba ya pili, wiki ya thelathini na sita, na mikono ya Mama Katungu ikakikuta kichwa cha mtoto juu, chini ya mbavu zangu. Mtoto alikuwa amekaa. Eko ya hospitali, ile picha ya tumbo, ikasema vile vile. Docta akanieleza njia tatu: ajaribu kumgeuza kwa mikono juu ya tumbo, anipasue, yaani césarienne, au nizae hivyo hivyo, makalio mbele, lakini hospitalini tu, kwa watu wanaoijua kazi hiyo. Kila njia ilikuwa na uzuri wake na hatari yake. Nilipotoka pale nilikuwa nimesikia kila neno na sikuelewa kitu.

Nyumbani kulikuwa kubaya zaidi. Mama mkwe alipanda kutoka Mavivi kuniambia kwamba alimzaa Kambale, bwana yangu, makalio mbele, tena nyumbani, na si ni huyu hapa mzima. Nikamtazama Kambale, anatafuta funguo zilizo mkononi mwake, nikashindwa kujua kama huo ni ushahidi wa kunitia moyo. Faida, jirani yetu muuza vitenge, aliyepasuliwa mara mbili, aliapa kwamba alirudi sokoni siku ya tano. Séphora wa kwaya alinishauri niweke redio chini ya tumbo ili mtoto afuate nyimbo. Niliweka. Betri zilikwisha, mtoto hakusogea.

Nikabaki na Mama Katungu, tukamfuata wote kituoni. Niliamini yeye atasema, nami nitatii. Akasema hajui. Miaka yote ile, na hajui. Nilikasirika mpaka nikalia. Basi akawatoa wote nje, mama mkwe pamoja na Kambale, akafunga mlango, akakaa mbele yangu akimenya karanga na kunigojea. Tulikaa humo saa nzima. Nilichosema sikikumbuki, kwa sababu nilikuwa naogopa kwamba nitakufa, au mtoto atakufa, na woga ule ulijaa kichwa chote.

Docta alijaribu kumgeuza. Mtoto akafika nusu ya njia, akarudi kukaa. Wiki mbili baadaye nikapasuliwa, na Bénite akatoka akipiga kelele. Mama Katungu hakuwa na zamu siku ile, lakini alikuwepo, ameshika sandali zangu. Tangu hapo nimewaambia watu wote kwamba yeye ndiye aliyenichagulia. Hata programu hii niliiandika hivyo mara ya kwanza.

Juzi nikafungua kitabu cha mwaka ule kutafuta tarehe. Kwenye mstari wangu, kwa wino mwekundu: "Julie amesema: bajaribu kumugeuza mara moya. Akikatala, banipasule. Miye naogopa kumuzaa vile, na sitaki mutu mwengine achague pa fasi yangu." Nimesoma mara tatu. Mwandiko ni wake, maneno ni yangu, siwezi kuyakana: sikutaka mtu achague mahali pangu. Nikachana ile programu nikaanza upya, ndiyo maana imechelewa.

Mama Katungu, asante. Ulale sasa mpaka jua lipande, uende Mangina ukaangalie kakao yako, na mwili ukae na afya. Christa, anayekufuata kazini, ameshapewa rula. Na kwenye mstari wa Ijumaa hii, safu ya pembeni, aandike hivi: Julie amesema Mama aende salama. Kisha amesema hapana, abakie kwanza.