Kobe wa Mama

Benchi la mbele ya kibanda cha Kinyozi lina miguu mitatu na tofali, lakini asubuhi hiyo aliyekuwa akiyumba ni Kinyozi mwenyewe. Kaketi, kainuka, kaketi tena. Miguuni pake kulikuwa na beseni lililofunikwa taulo, na ndani yake kobe wa mama yake alikuwa akikwaruza. Tangazo lilikuwa limetoka: kobe wa aina ile wako hatarini kutoweka, kuwafuga bila kibali ni kosa, na anayewakabidhi kabla ya jioni hiyo hashtakiwi. Mama, aliyemfuga miaka arobaini, alikuwa amelala chumba cha nyuma akiuguza nyonga, na hakuambiwa lolote. Kinyozi alikuwa amemwibia mama yake mzazi, na roho ilimuuma.

— Kaa basi, unatutia kizunguzungu, alisema rafiki yake Fundi Saa, aliyekaa benchini akijimiminia kahawa.

— Nikae vipi? Ofisa wa wanyamapori anakuja kumchukua saa nne hii.

— Sheria niulizeni mimi, alidakia Mihuri, karani mstaafu wa mahakama. Sheria inakataza kumiliki. Huyu kobe alikuwepo kabla ya nyumba. Ninyi ndio mnaoishi kwake.

— Kwa hiyo mama ni mpangaji? aliuliza Kinyozi.

— Tena hana mkataba. Kesi imekwisha.

— Mimi ningempaka rangi ya kijivu, alisema Fundi Saa, nikamweka mlangoni. Jiwe.

— Na akitembea?

— Kwani ukuta wako hautembei? Juzi ulikuwa umenyooka.

— Afadhali aandikwe shahidi, Mihuri akazidi kupamba. Shahidi haondolewi mpaka atoe ushahidi. Na huyu hatasema hata baada ya miaka mia.

Wakacheka. Kinyozi akafunua taulo, kobe akamtazama, naye akafunika upesi.

— Mama akiuliza, nitasema ametoroka.

— Kobe? Atoroke? Fundi Saa alitikisa kichwa. Na wewe ulikuwa unamkimbiza?

Ofisa akafika kwa miguu, mwanamke mwenye buti za vumbi na fomu mkononi.

— Shikamooni, wazee.

Akachuchumaa, akamgeuza kobe taratibu, akamkagua.

— Katunzwa vizuri sana. Wengi tukiwabadilishia chakula ghafla wanasusa, tunawapoteza. Huyu anakula nini?

Mihuri akatazama kikombe chake. Fundi Saa akatazama saa. 

— Anayemlisha ni nani?

— Mama.

— Basi kamuulize. Nangoja.

Kinyozi alisimama mbele ya pazia la chumba cha nyuma, mkono juu ya kitambaa. Kisha akarudi, akabeba beseni na kobe ndani yake, akaingia nalo.