Faustina Kihwele na Gesi Iliyopimwa Mbeya

Mwalimu Faustina Kihwele anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya kufundisha kemia shuleni kwetu, hapa Mbeya, kwa miaka thelathini na mitatu. Alitoka Iringa akiwa msichana mwenye sanduku la bati, na baridi ya hapa haikumtisha, maana kwao nako wanaijua.

Mliopita mikononi mwake mnakumbuka somo la moli, kile kipimo cha wingi wa chembe. Kitabu kinasema moli moja ya gesi, katika joto la kawaida la chumba, hujaza lita ishirini na nne. Huko pwani ni kweli. Huku milimani mgandamizo wa hewa ni mdogo, gesi hutanuka, na moli ileile hujaza karibu lita ishirini na tisa; densiti nayo, yaani gramu katika kila lita, hushuka. Ndiyo maana kila kipindi cha vitendo kilianza kwa kusoma barometa ukutani. Wanafunzi, kwa kuogopa kukosa, walirekebisha vipimo vyao vifanane na kitabu. Obeid, ambaye leo ni mfamasia, alileta ishirini na nne kamili. Madam akamtazama: "Baba, hii gesi umeipimia Tanga?" Darasa likaangua kicheko, na Obeid akarudi mezani kupima upya.

Mimi, Timotheo, nilifundisha hisabati chumba cha pili. Tangu mke wangu Matilda afariki, na ugonjwa wa moyo kuniweka kitandani, Faustina huja kila Ijumaa na madaftari ya kusahihisha. Hunisomea mahesabu, gramu gawanya kwa lita, nami humwambia kama yako sawa. Sasa sina muda mrefu, acha niungame: macho yangu bado yanasoma. Nilimwambia yameshindwa ili asome kwa sauti, akae zaidi. Akiondoka, nyumba hunyamaza hadi nasikia friji.

Kwa ajili yangu ameahirisha mara mbili kuhamia Kihesa, kule kwao Iringa, ambako dada yake Devota anamsubiri peke yake. "Nikuache na nani, Mzee wangu?" husema. Nami hufurahi.

Faustina, lori lije Jumamosi hii. Jirani yangu Joyness atakusaidia kufunga vyombo. Shule nzima inakushukuru. Mungu akujalie afya na siku nyingi za furaha na dada yako. Ila usipite kwangu kuaga. Ukipita, nitakuomba ubaki.