Vumbi la Simiti Lilivyotetemesha Mikono Yangu

Ndugu zangu, Bwana asifiwe. Mimi ni Wanjiku, fundi wa nguo hapa Sagana. Wengi mnanijua, lakini hamjui nilikotolewa.

Nilikuwa nashona mifuniko ya magodoro. Kitambaa nilikipata kwa wachuuzi, nao walikitoa kwenye kiwanda cha simiti huko mbali. Ilikuwa ile mifuko mirefu ya kuchuja vumbi, ambayo ikichakaa hutupwa. Ni kitambaa kigumu, hakiraruki upesi. Nilikuwa naikung'uta ndani ya chumba changu, mlango umefungwa, nisiwasumbue majirani.

Halafu mikono ikaanza kutetemeka. Nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Fizi zikatoka damu, usingizi ukanihama, na mimi niliyekuwa mpole nikawa mtu wa kufoka kwa jambo dogo. Watu wakasema ati nakunywa pombe kwa siri. Wengine, kwa nia njema, wakasema ni pepo, wakaniombea mpaka sauti zikakauka. Nikaacha kuja kanisani, maana sikuweza kushika kikombe cha Meza ya Bwana bila kumwaga.

Mume wangu ni dereva wa lori, mara nyingi yuko safarini. Aliyenibeba ni mama yake, Shosho. Ndugu zangu, yule mama nilimfokea, naye akaendelea kunisuka nywele na kunilisha uji, akinifuta kidevu kama mtoto. Asubuhi moja alinivalisha sweta yake, akaniambia, "Mwanangu, kuomba tumeomba. Sasa twende hospitali. Huko pia Mungu ako."

Daktari hakuniuliza kama nakunywa. Aliniuliza kazi yangu. Nilipomweleza kuhusu ile mifuko, akaagiza mkojo wangu upimwe. Ilikuwa zebaki, ile inayong'aa ndani ya kipimajoto. Akatueleza kwamba mawe ya kutengeneza simiti huwa na zebaki kidogo; yakichomwa inatoka na moshi, inashikana na vumbi, na vumbi linabaki kwenye mifuko. Mimi nilikuwa naivuta kila nikikung'uta.

Nililia pale pale, na Shosho akalia nami. Sikuwa mlevi. Sikuwa na pepo. Nilikuwa mgonjwa, na ugonjwa wangu ulikuwa na jina.

Nikapewa dawa. Daktari akawaarifu maofisa wa mazingira, nao wakaja kuichukua mifuko yote iliyobaki. Shosho akanishika mkono, tukaenda nyumba kwa nyumba kwa wale walionunua mifuniko yangu, tukawaomba waitoe vitandani. Niliona aibu, lakini hakuna aliyetufukuza.

Mikono ilitulia polepole. Wa kushoto bado unacheza nikichoka, sitawaficha. Sasa nashona sare za shule kwa kitambaa kipya, madirisha wazi, na Mungu namshukuru kwa kila kishono.

Kama umeketi hapo na mwili wako unakufanyia jambo usilolielewa, na watu wameshakuhukumu, usijifungie nyumbani. Mtegemee Yesu, na umwone daktari. Kama unaogopa kwenda peke yako, nitafute baada ya ibada. Tutaenda pamoja.