Keziah Thurlow, Mchapaji wa Norwich, Hakumtaja Mtu

Keziah Thurlow hakumtaja mtu. Familia inaanza na hilo kabla ya tarehe ya kuzaliwa, kwa sababu kwa miaka kumi na mitatu mji huu umekuwa ukinong'ona kwamba mwaka 1758 alitoka jela mapema kwa kumuuza mwandishi aliyemchapia kazi yake. Watu husema lisemwalo lipo. Hili halipo, na halijapata kuwapo. Angemtaja, mtu huyo angekamatwa. Nani alikamatwa? Wasengenyaji wamtaje hata mmoja. Wasifu huu umeandikwa na wifi yake, Dorcas, mjane wa kaka yake Barnabas Bunnett, na kila tarehe iliyomo imehakikishwa.

Marehemu alizaliwa hapa Norwich tarehe 6 Machi 1719, mtoto wa pili wa mchapaji Enoch Bunnett na mkewe Hester, katika chumba kilichokuwa juu ya mtambo wa kuchapia. Mama yao alizoea kusema kwamba siku ile mtambo haukusimama hata kwa heshima ya mzazi, maana mahubiri ya Pasaka yalikuwa yanangojewa.

Barnabas alipelekwa shule. Keziah alipewa sanduku la kusimamia, aifikie meza ya herufi. Wapangaji wa herufi huisoma mistari yao juu chini, kwa kuwa kila herufi ya risasi imechongwa kinyume, na hivyo ndivyo alivyojifunza kusoma, akiwa na miaka mitano. Msimu mmoja wa baridi alipelekwa kwa mama mmoja aliyefundisha watoto wa mtaani. Akakipindua kitabu juu chini na kusoma ukurasa mzima bila kukwama. Mwalimu akamrudisha nyumbani akimkokota mkono.

"Bwana Bunnett, binti yako anasoma kama popo."

Baba yake hakuinua uso kutoka kazini. "Kama popo amemaliza ukurasa, mpe mwingine."

Wavulana wa karakana ile waliandikiwa mkataba wa miaka saba, kisha wakaitwa mafundi. Keziah aliwafundisha wanne kati yao, na yeye hakuandikiwa mkataba wala hakuitwa fundi. Alinyoosha Kilatini cha wachungaji. Alizipa miguu beti za waheshimiwa zilizofika zikichechemea. Wapo wenye sifa ya kuandika vizuri katika mji huu ambao hawajawahi kuiona sentensi yao kama ilivyotoka mkononi mwao, kwa sababu ilipita kwanza mkononi mwake. Hawakumshukuru. Hakudai.

Tarehe 12 Mei 1741 aliolewa na Josiah Thurlow, aliyekuwa amefanya kazi kwa baba yake. Familia haina lawama juu ya Josiah. Alikuwa akiwaambia wateja waziwazi, "Muulizeni Keziah, mimi nina mikono tu." Walijaliwa watoto watatu, na akabaki mmoja, Thomasin. Josiah alifariki kwa homa tarehe 30 Agosti 1749, na marehemu akaendelea na kazi na duka la vitabu. Lakini wateja walisema hawawezi kumwachia mwanamke mahubiri yao, kwa hiyo chini ya kila kitabu likaendelea kuchapwa jina la J. Thurlow. Kwa miaka sita maiti alichapa bila kosa, na mji ukamsifu.

Mwanzoni mwa 1758 mtu mmoja wa hapa alimletea maandishi juu ya nafaka iliyokuwa ikipakiwa melini katika bandari ya Yarmouth wakati wafumaji wa Norwich wanalala na njaa. Yalikuwa na ukweli mwingi na mpangilio mchache. Marehemu aliyaandika upya, akayachapa kurasa nane bila jina la mtu yeyote, na wanawake wachuuzi wakazibeba chini ya nyuzi kwenye vikapu vyao. Jumanne tarehe 21 Februari, asubuhi, maofisa watatu wa serikali waliingia dukani na hati ya upekuzi. Maandishi ya mkono alikwisha kuyachoma. Kurasa nne za mwisho, hata hivyo, zilikuwa bado mezani kwa herufi za risasi, zimefungwa kwa uzi, mbele ya macho yao.

Maofisa walipekua madaftari, kitanda, hata pipa la unga. Marehemu alikata uzi, akaanza kuzirudisha herufi moja moja kwenye visanduku vyake, kila moja mahali pake, huku akijibu maswali yao. Mkubwa wao akamsogelea.

"Unafanya nini hapo, mama?"

"Naosha vyombo, bwana. Mmekuja nyumba haijapangwa."

Ofisa akainama juu ya zile herufi za risasi, akakunja uso. "Hiki ni Kiebrania?"

"Ni tangazo la farasi aliyepotea. Ukimwona, mwenyewe anamtafuta."

Kufikia adhuhuri kurasa nne zilikuwa zimerudi kuwa alfabeti. Dorcas alikuwapo, ameketi ngazini na Thomasin, na hajaona tena mikono iliyotulia namna ile. Walichokipata ni karatasi moja ya majaribio ya maandishi yale, imelowa, chini ya rundo. Kwa karatasi hiyo moja walimpeleka jela.

Walichokitaka ni jina la mwandishi. Walimwambia akilisema atalala kwake siku hiyohiyo. Alijibu kwamba mwandishi ni yeye. Wakacheka, na mmoja akasema mwanamke anaweza kuandika hesabu ya dobi, lakini hiki kimeandikwa na mwanamume mwenye elimu. Wakaandika kwamba mfungwa anakataa kusema. Alisema, na kwa sehemu kubwa alisema kweli. Wao ndio waliokataa kusikia.

Aliachiliwa tarehe 9 Mei, baada ya wiki kumi na moja, kwa sababu alikuwa anakohoa damu na daktari aliandika kwamba hatamaliza mwezi. Hawakutaka afie mikononi mwao. Barua ya daktari imo dukani, na mwenye macho aje aisome. Miaka yote hii imekuwamo humo, na hakuna aliyekuja.

Badala yake wachungaji walipeleka mahubiri yao kwingine, na mchumba wa Thomasin akaghairi kwa barua ya mistari mitatu yenye makosa mawili. Na yule mwandishi? Alikuwa akinunua karatasi zake za kuandikia kwa marehemu kila robo mwaka. Alimwamkia vizuri. Neno lake moja lingemsafisha marehemu mbele ya mji mzima, na hakulitoa. Dorcas alimwomba marehemu amlazimishe.

"Ana watoto, wifi," marehemu akasema.

"Na wewe una nini, paka?"

"Nikimlazimisha aseme, nitakuwa nimemtaja. Basi jela nilikaa ya nini?"

Kifua kile hakikupona. Kuanzia Septemba mwaka huu hakuweza kupanda ngazi, na kitanda chake kikashushwa karibu na mtambo, kama alivyoomba. Alimwapisha wifi yake kwamba siri itabaki ilipo. Alifariki Jumapili tarehe 10 Novemba 1771, alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake.

Ameacha binti mmoja, Thomasin. Wifi mmoja, Dorcas. Na wapwa wawili, Enoch na Hester Bunnett. Ameacha pia mtambo mmoja unaofanya kazi. Karatasi mliyoishika ameipanga Thomasin herufi kwa herufi siku ya Jumatano. Walioambiwa duka limefungwa wasome chini yake: imechapwa na Thomasin Thurlow. Safari hii jina limeandikwa lote.

Hapa kaburini wanaume wote wamevua kofia, kwa hiyo hakuna atakayejulikana kwa kuivua. Yule mwandishi anajijua. Bado ana ulimi.

Mungu amlaze Keziah katika amani ambayo mji wake ulimnyima. Tangu Jumapili watu wanamuuliza Dorcas jina la mwandishi huyo, kwa kuwa sasa marehemu hayupo. Dorcas analijua. Hatalisema, na asiulizwe tena.