Taa Itakayomulika Kovu la Jenerali

Base yetu, yaani kijiwe cha kupigia stori, iko hapa mtaa wa Mowlem, nje ya kinyozi: benchi moja, jiko moja, na birika langu la kahawa chungu. Mimi ni Shiro, na wanaume wa hii benchi watanimaliza. Pale penye kivuli ni kiti cha Jenerali. Jina lake ni Matheka, mchongaji vinyago, na huo ujenerali alipewa na kovu la mkono wa kulia: pembetatu kubwa, vidoti vimejipanga kando. Anasema wezi walimvamia mtaa wa Huruma wakiwa na rungu la misumari, akawatimua wote. Hiyo vita tunaijua hata tukiwa usingizini. Shida ni kwamba siku hizi kovu limekaza, mkono haukunjiki. Twiga wake wa mwisho, mteja aliuliza kama ni mbuzi. Jana akaenda hospitali, na leo amekuja amenuna.

— Niaje, Jenerali? Daktari amesemaje? akauliza Irungu, ambaye tunamwita Wakili. Sheria hajasoma, aliwahi tu kuwa shahidi kwa kesi ya kuku.

— Wanataka kunimulika kesho.

— Kukumulika na nini?

— Taa. Wanaelekeza mwanga kwa kovu, ukirudi mashine inasoma limeingia ndani kiasi gani na limekaza wapi. Hakuna kisu, hakuna sindano. Ndio wajue watatibu wapi.

— Si hiyo ni poa?

— Siendi.

Githinji mwenye kinyozi, ambaye hapa ni Profesa, akatoka mbio na mashine ya kunyoa. Mteja akaachwa huko ndani na nusu kichwa.

— Usiende, buda! Hizo taa ni noma. Mwanga ukiingia kwa kovu unakuta ile siku uliumia imelala huko, unaiamsha. Daktari anaona kila kitu kwa skrini, kama mpira.

Jenerali alipaliwa na kahawa.

— Kila kitu?

— Kila kitu! Ngozi haisahau.

— Na sauti? Wakili akauliza.

— Inategemea na ukubwa wa kovu. Hili la Jenerali lazima liko na sauti.

— Basi huo ni ushahidi! Sura za wale wezi ziko kwa huu mkono!

— Hiyo ni kidogo. Daktari akiongeza mwanga, wezi wanasikia moto huko waliko. Watakuja wenyewe wakiomba msamaha.

— Manze, twende base yote! Tubebe benchi!

Jenerali alikuwa ameloa jasho. Nilimwonea huruma, kusema ukweli. Mkono wa mchongaji ndio unga wa nyumba yake.

— Jenerali, nikamwambia, enda. Hiyo ni taa tu. Inaona ngozi, haioni wezi.

— Na kama inaona, Shiro?

Hapo ndipo Sabrin, jirani mpya, alipokuja kununua kahawa. Amehamia juzi tu kutoka mtaa wa Tassia, hajui vita ya mtu. Jenerali alinyoosha mkono kunirudishia kikombe, Sabrin akauona.

— Woi, pole! Pasi ilikuchoma ukifanya nini?

Tukainama sote kuangalia. Ncha ya pasi, ile kabisa. Na vile vidoti ni matundu ya mvuke.

— Labda wezi walikuwa na pasi, Profesa akasema.

— Ya stima? Huko nje? Wakili akamuuliza. Walichomeka wapi?

Jenerali akaangalia viatu vyake.

— Nilikuwa naenda kujitambulisha kwa kina Kaluki, mke wangu, kabla hatujaoana. Mkono wa shati ulikuwa umekunjamana, na nimechelewa. Nikaupiga pasi.

— Sasa?

— Nikiwa nimelivaa.

Aki nilicheka mpaka nikashika birika lisimwagike. Jenerali akainuka kwenye kivuli, aibu imemjaa, akaanza kuondoka.

— Wewe! nikamwita. Na kwa kina Kaluki ulifika?

— Nilifika.

— Na mkono umeungua hivyo?

— Niliuficha kwa koti. Nikasalimia wazee wote.

— Na mkono huo huo?

— Na huo huo.

Wakili akapangusa kile kiti na kofia yake.

— Keti, Jenerali.

Akaketi. Nikamjazia kikombe, akakishika na mkono wa kushoto.

— Kesho naenda, akasema. Lakini hakuna haja ya mtu kunisindikiza. Hakuna vita huko ndani.

— Mimi bado nakuja, Profesa akasema. Nataka kuona hilo shati kwa skrini.