Kabla Redio Koli za Zahanati Hazijakusanywa

Mgeni rasmi, mkurugenzi wetu wa hospitali,

KARIBU

Sisi mafundi watatu wa karakana ya redio koli tunakukaribisha katika chumba hiki nyuma ya jengo la kufulia. Tumekipangusa tangu jana, lakini harufu ya lehemu imegoma kutoka. Utuwie radhi.

TULIKOTOKA

Karakana hii ilianzishwa miaka thelathini na moja iliyopita na fundi tuliyemwita Mama Masafa, zahanati za milimani zilipopewa redio. Alitufundisha kwa kufungua redio mbovu juu ya meza hii.

"Msikariri," alituambia. "Ifuateni sauti inakopita."

Tukaifuata. Sauti huingia kwenye maiki ikageuka umeme dhaifu. Kipande cha fuwele, hakifiki ukucha, hutetema bila kuchoka ili redio mbili zibaki kwenye masafa yale yale. Kikuzaji huutia umeme huo nguvu, na antena huurusha hewani. Antena ni hiyo hiyo ya kusemea na kusikilizia, ndiyo maana ukibonyeza kitufe unasema, ukikiachia unasikia.

"Mashine pekee inayomlazimisha mtu kunyamaza," alisema, huku akimkata jicho mumewe, dereva wa ambulensi. Tulicheka mpaka tukadondosha bisibisi.

TULICHOFANYA

Mwaka wa mafuriko simu zilikatika zote. Asubuhi moja mkunga wa zahanati ya juu kabisa akaita: mama amejifungua, kondo halitoki, damu inamwagika. Kabla daktari hajamjibu, redio yetu ikazimika. Kikuzaji kilikuwa kimeungua.

Cha akiba hatukuwa nacho. Mama Masafa akakitoa cha redio ya ambulensi.

"Na mimi barabarani nitaita na nini?" mumewe akauliza.

"Hutaita. Utarudi."

Daktari akamwelekeza mkunga hatua kwa hatua, na yule mama akapona. Lakini ambulensi iliyokwenda kumchukua ilisombwa na maji. Siku tatu hatukujua dereva yuko wapi. Siku ya nne aliingia hapa kwa miguu, ana kiatu kimoja. Mama Masafa alikaa naye kwenye benchi lile, sisi tukatoka nje.

YANAYOTUSUMBUA

Mzee dereva hatunaye tena. Mama Masafa amestaafu, macho yamefifia, simu ya kioo haimsaidii. Redio aliyopewa alipoagwa anaishika kwa kupapasa, na kila saa tatu asubuhi zahanati zote humwamkia.

Barua yako inasema redio zote zikusanywe, zahanati zitumie simu. Tulipomsomea alisema, "Wachukue tu. Ila mniambie siku yenyewe, niwaage watu wangu."

MAOMBI

Kwanza, zahanati ambazo simu hukatika mvua ikinyesha zibakiwe na redio zao.

Pili, kama hilo haliwezekani, tunakuomba uende wewe mwenyewe ukamtajie hiyo siku. Tumefika mlangoni kwake mara mbili, na mara zote mbili tumekunywa chai tukarudi bila kuitaja.

Mungu akupe afya, akulainishie kazi na safari zako.

Ni sisi,
Mafundi wa Karakana ya Redio Koli.